Escudo ya shemeji itafika Vumawimbi na mnara wa Kigomasha?

SWALI: Assalam alaykum mwalimu. Mie niko Bububu, leseni nnayo miaka tisa sasa na gari nimeizoea, lami, vumbi na mashimo ya kwetu yote napita. Mwezi wa nane tunakwenda Wete, Pemba, kwa wakwe, na shemeji kanambia nichukue Escudo yake niwapeleke mama watoto na wanangu wawili Vumawimbi, halafu tusogee mpaka mnara wa taa Kigomasha. Sijawahi kuendesha njia ya msituni wala kutia fowili, ile ya kusukuma tairi zote nne, hata siku moja. Gari itafika? Fowili natia wapi? Na nimeona watu mtandaoni wanaendesha ufukweni kabisa, na mie naweza?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Nianze na jibu fupi usije ukasoma mpaka chini roho iko juu. Ndio, Escudo inafika, na inafika bila ya taabu kubwa kama mvua haijapiga siku mbili tatu kabla. Fowili unatia pale barabara nzuri inapokwisha, husubiri mpaka umekwama. Ufukweni usitie gari, na sababu zake ntakueleza.

Lakini swali ambalo hujaniuliza ndo kubwa kuliko yote hayo matatu, nalo ni udongo. Njia yenyewe si ndefu, kutoka Konde kupita Ngezi mpaka Kigomasha kwenda tu haifiki kilomita 20, wala hakuna milima ya kutisha, ila udongo unakubadilikia chini ya tairi mara kadhaa na kila mmoja una tabia zake: kuna kinongo, ule mwekundu, kuna mchanga wa msituni uliochanganyika na majani yaliyooza, kuna mawe ya matumbawe yaliyochomoza juu, na kuna mchanga mweupe wa pwani. Dereva anaekwama njia hii mara nyingi gari yake nzima tu na nguvu inazo, kosa lake ni kuwa kaendesha mchanga kama anavoendesha kinongo, au kaendesha mawe kama anavoendesha mchanga. Ukilijua hilo kazi yako nusu ishakwisha.

Ramani kwa ufupi. Wete mpaka Konde unakwenda kwa lami, Konde unashika njia ya Ngezi, unafika kwenye geti la msitu, simama hapo usalimie na uulize hali ya njia na kama kuna chochote cha kulipa, usipite kama mwizi. Unaingia msituni, ukitoka ng'ambo ya pili kuna njia inakata kulia kwenda Vumawimbi, upande wa mashariki wa rasi, na nyengine inaendelea kaskazini kupita Makangale, ndo inayokufikisha Verani na huko mwisho mnara wa taa. Barabara za Pemba siku hizi zinajengwa kila pahala, kwa hivo kipande kilichokuwa vumbi mwaka juzi leo unaweza ukakikuta kishamwagiwa kifusi au lami kabisa, na kipande kilichokuwa kizuri kikawa kimevurugwa na malori ya kokoto. Uliza Konde siku ileile. Muulize dereva wa gari ya abiria au kijana wa boda, usimuulize mtu anaekwenda kwa miguu, huyo kila njia kwake nzuri.

Sasa gari. Unaniambia Escudo, lakini Escudo ipi? Za zamani, zile kabla ya 2005, zina kijiti cha pili pembeni ya gia, kimeandikwa 2H, 4H, N na 4L. Hizo ukiwa 2H zinasukuma tairi za nyuma tu, na ukitia 4H mbele na nyuma zinafungwa pamoja, hakuna kinachoziachia zipishane mwendo. Kwenye udongo na mchanga hiyo haina tatizo kwa sababu tairi inateleza kidogo na kujilegeza wenyewe, lakini kwenye lami kavu ukikata kona kali na 4H utahisi gari inakazana, usukani mzito, inaruka ruka kama inataka kukwama, na ukiendelea hivo unaivunjia shemeji yako magiya. Kwa hivo gari hiyo fowili ni ya udongo tu. Za 2005 na kuendelea nyingi zina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi, na hizo muda wote zinasukuma miguu minne, zina difu ya katikati inayoziachia mbele na nyuma zipishane mwendo, kwa hivo 4H ya kawaida unatembea nayo hata lami, na ile yenye neno LOCK ndo unayoitia njia ikichafuka. Ya chini kabisa, 4L, ni ya kazi nzito na mwendo wa mtu anaetembea.

Kutoka 2H kwenda 4H kwenye gari ya kijiti unaweza ukatia gari inatembea, punguza mwendo, usukani uwe umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, vuta. Kuingia 4L lazma usimame. Kama ni otomatiki weka N kwanza ndo utie, kama ni ya gia za mkono kanyaga klachi. Wakati mwengine itagoma, haiingii, usiilazimishe kwa nguvu, sogeza gari nusu mita mbele au nyuma itaingia yenyewe. Na ukitaka kutoa ikagoma kutoka, rudi nyuma kwa unyoofu mita chache, itaachia.

Nakuomba jambo moja, siku moja kabla ya safari tafuta uwanja wa udongo hapo Wete, muombe shemeji aje na nyie mukae nusu saa, utie na utoe kila kitu, 4H, 4L, mpaka mkono uzoee. Gari nyingi za visiwani hizi fowili yake haijatiwa miaka, kijiti kimeganda kwa kutu, au waya umeliwa na panya, na mwenye gari hana habari kwa sababu yeye anakwenda nayo sokoni na msikitini tu. Hilo bora ulijue Wete kuliko ulijue Ngezi. Mkiwa hapo chungulia na spea, ina upepo? Jeki ipo? Spana yake inaingia kwenye nati za gari hiyo? Wengi wana spana ya gari nyengine.

Wenye RAV4 mtaniuliza na mie nawajibu hapahapa, njia ikiwa kavu mnafika, ila hamna 4L kwa hivo pale penye mashimo makubwa mnakwenda kwa breki na uvumilivu. Wenye Noah, bakini msituni mutizame miti, sehemu ya mwisho ya mawe mtaacha sampu ya oili huko. Escudo iko juu ya ardhi karibu sentimita 20 na hiyo inatosha, lakini ukipakia watu watano na masufuria ya biriani na galoni za maji inashuka, na Wapemba wakikualika hawakuachii uondoke mikono mitupu, kwa hivo mzigo wa kurudi nao ufikirie.

Tunakuja kwenye tairi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye faida kubwa na hapagharimu kitu. Upepo wa kawaida wa gari hizi ni kama PSI 29 mpaka 32, ndo ulioandikwa kwenye kibandiko mlangoni upande wa dereva. Upepo huo ni wa lami. Ukipunguza, tairi inalala, inagusa ardhi pahala pakubwa zaidi, uzito unatawanyika na gari haizami, tena hata mawe madogo inayameza badala ya kukurushia mgongo. Mchangani mlaini watu wanashuka mpaka 16 au 18. Lakini kwenye mawe ya matumbawe hapo ndo kuna mtihani, kwa sababu tairi iliyolala sana inatoa mashavu nje, na jiwe la maweni kali kama msumeno linakata shavu, na shavu likikatwa hakuna fundi pancha wa kulitia kiraka, tairi imekwenda. Njia yako ina vyote viwili, mchanga na mawe, na huwezi kila kilomita ukawa unashuka na pampu.

Mie nashauri hivi: Konde, kabla hujaingia njia ya vumbi, shusha zote nne mpaka 22 hivi, uziwache hapohapo safari nzima, na usizidishe kilomita 40 kwa saa maana tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa inapata moto na inaharibika. Ukikwama mchangani ndo unashuka mpaka 16 au 18 kujitoa, ukishatoka unarudisha. Kwa hivo nunua au azima pampu ndogo ya umeme ile inayochomekwa pale pa kuwashia sigara, na kipimo cha upepo, usipime kwa kupiga tairi teke. Pampu hizo ni za pole pole sana, washa injini wakati unajaza betri isije ikakufia. Na tazama mpira wenyewe, kipara hakina mjadala, lakini tairi yenye meno mazuri iliyokaa miaka kumi juani nayo imekauka na ina nyufa pembeni, hiyo mawe yanaisubiri.

Haya, umeshusha upepo, umetia 4H, unatembea. Kinongo kikiwa kikavu ni raha, vumbi jekundu tu, funga vioo, acha nafasi kwa gari ya mbele. Kikilowa ni sabuni. Ukiona udongo mwekundu unang'aa juu, jua hapo tairi haina cha kushika, kwa hivo kila kitu kifanye taratibu: mafuta kidogo, usukani kidogo, breki karibu na hakuna. Mteremko weka gia ya kwanza au ya pili, otomatiki weka L au 2, iachie injini ndo izuie gari, usishuke N na usishuke na breki imekanyagwa mpaka chini, tairi ikifunga kwenye tope usukani hauna kazi tena. Ukihisi gari inakwenda ubavu ubavu toa mguu kwenye breki, elekeza usukani kule unakotaka kwenda, iguse mafuta kidogo, itajiweka sawa.

Mitaro ya matairi ni jambo la peke yake. Huko shamba kuna gari za ng'ombe, na upana wa magurudumu yake haulingani na wa gari yako, kwa hivo ukishika mtaro wa gari ya ng'ombe mguu mmoja unaingia ndani na mwengine unapanda juu ya tuta, gari inalala upande na mama watoto anapiga ukelele. Ikiwa mitaro ni mifupi kimo, pita nayo. Ikiwa mirefu mpaka unahisi tumbo la gari litakaa juu ya tuta la katikati, usiingie, panda juu: mguu mmoja juu ya tuta, mwengine ukingoni, pole pole, usukani imara. Ukishaingia mtaroni usipigane nao, nenda nao mpaka upate pahala pamekuwa chini ndo utoke.

Dimbwi la maji usilivae. Simama, shuka, chukua kijiti, upime. Najua unaona haya mbele ya watu, lakini dereva wa Wete anashuka na wewe wa Bububu utashuka. Maji yakifika nusu ya tairi na chini ni kigumu, unapita kwa mwendo mmoja, bila kubadilisha gia katikati. Chini kukiwa na kinamo, ule udongo wa mabonde ya mpunga unaonata, hata maji ya kifundoni yanatosha kukulaza hapo mpaka Asri. Kijiti kikichomoka na udongo mweusi umenata, tafuta njia ya pembeni.

Msituni sasa. Ngezi ni msitu mkubwa wa asili, miti mirefu, giza saa nne za asubuhi, na hiyo ndo inayokuhusu dereva: jua halifiki chini, kwa hivo mvua iliyonyesha Konde juzi na ikakauka, Ngezi bado ipo. Macho nayo, unatoka kwenye jua kali unaingia kivulini ghafla, kwa sekunde chache huoni shimo wala mtu. Punguza mwendo kabla hujaingia, washa taa, vua miwani ya jua. Chini kwingi ni mchanga, majani juu yake yanateleza, na mizizi inayokatiza njia ukiipita upande inakusukuma, ikate kwa unyoofu uwezavyo. Njia nyembamba, mbele kunakuja boda na mtu kapakia magunia, kina mama na kuni kichwani, watoto wa skuli. Wewe ndo unaesimama, wewe una gari. Tia pembeni lakini pembeni pasiwe palaini, ukiona majani yamelala na maji yanameta usitie mguu wa kushoto hapo.

Kupiga honi msituni sipendi, kona mbili tatu za kipofu sawa, zaidi ya hapo ni kelele. Na wanao waambie watizame juu kama kuna kima, itawashughulisha wasikuulize tunafika saa ngapi.

Ukitoka msituni ukikata kulia kwenda Vumawimbi mchanga unaanza kuwa mweupe na mlaini zaidi kadiri unavosogea pwani. Mchanga unataka kitu kimoja, mwendo usiokatika. Sio mbio, mwendo. Gia ya pili, injini ivute kwa raha, usukani mpole, na ukitaka kusimama usikanyage breki kwa ghafla, tairi itajijengea ukuta wa mchanga mbele yake na kuondoka hapo itakuwa shughuli, toa mafuta tu gari isimame yenyewe, tena usimame pale penye mteremko kidogo au penye majani. Ukihisi tairi inazunguka na gari haiendi, ACHA MAFUTA. Hapo hapo. Kila sekunde unayoendelea kukanyaga unachimba kaburi la difu. Tia rivasi, rudi juu ya alama zako mwenyewe ulizokujia, usikate usukani, mchanga ule ushakandamizwa na tairi zako na utakubeba.

Vumawimbi gari iache juu, chini ya minazi au mivinje, pahala pagumu, lakini tizama juu kwanza, nazi ikiangukia kioo cha shemeji utamueleza nini. Igeuze kabisa ielekee njia ya kutokea wakati bado una nguvu na hamu, usisubiri saa ya kuondoka.

Na kuhusu kuendesha ufukweni. Nakujua utafika pale, utaona mchanga mweupe umetandaa hauna unapoishia, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama saruji, na shetani atakwambia twende. Bahari yetu hii inapanda na kushuka mno, siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji makubwa na madogo inakaribia mita nne, na siku hizohizo maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Yaani unafika na familia saa nne, ufukwe mpana, unashusha gari, mnaogelea, mnakula, saa nane unaitizama na maji yapo tairini. Mchanga unaoonekana mgumu ukipata maji yanayopanda kutoka chini unalegea, gari inakaa kitako, na chumvi inaingia kwenye bearingi, nyaya na kila kitu. Trekta hakuna karibu. Kisha kuna kasa, wanapanda kutaga kwenye fukwe zetu na mayai yao yako chini ya mchanga, tairi moja inavunja kiota kizima, na kuna ngalawa na nyavu za watu. Hao uliowaona mtandaoni hawakukuonyesha sehemu ya pili ya video.

Kurudi njia kuu na kuelekea Kigomasha unakutana na mawe. Hapa tia 4L kama yamechomoza sana, gia ya kwanza, na mwendo uwe ule wa kuwa mtu anaweza akatembea pembeni akakupita. Mshushe mama watoto au kijana mkubwa atangulie mbele, akuonyeshe kwa mkono kushoto, kulia, simama, ishara hizo mpatane kabla, sio mnaanza kubishana tairi ikiwa juu ya jiwe. Asimame mbele kwa mbali, asitembee kinyumenyume mbele ya bampa. Jiwe kubwa usilipitishe katikati ya gari, wengi wanafanya hivo wanadhani wanalikwepa, na katikati ndo kuna sampu na difu. Lipande kwa tairi. Tairi ikiwa juu ya jiwe tumbo la gari nalo limeinuka. Vidole gumba visiwe ndani ya usukani, viweke juu ya ukingo wake, tairi ikigonga jiwe usukani unarudi kwa nguvu na unakuteguia kidole. Na kioo cha upande fungua, skiza. Mawe yanagonga yanasikika, upepo unaotoka kwenye tairi nao unasikika.

Ikiwa njia imekuwa mbaya kuliko ulivotarajia, iache gari mtembee kwa miguu kipande kilichobaki, mnara haukimbii na watoto watafurahi zaidi.

Ukikwama kweli kweli, injini zima, vuta pumzi, watu wote nje. Chimba mchanga mbele ya tairi zote nne na chini ya tumbo, kwa hivo chepe liwepo ndani ya gari. Shusha upepo mpaka 16. Tia makumbi ya nazi au makuti chini ya tairi, makumbi yanashika vizuri sana na yapo tele, vifuu usitie, vinapasuka na kuchoma. Ikiwa unataka kuinua gari kwa jeki weka ubao chini ya jeki, bila ubao inazama jeki badala ya kuinuka gari. Kisha 4L, gia ya pili kuliko ya kwanza ili tairi isizunguke ovyo, mafuta mepesi, toka.

Wenyeji watakuja kukusaidia, hilo sina shaka nalo, utadhani hakuna mtu na dakika tano baadae wapo kumi. Salimia kwanza, shikamoo kwa wazee, usianze na "hebu sukumeni". Wanaosukuma wakae pembeni kwenye nguzo za milango na pembe za nyuma, mtu asisimame nyuma ya tairi inayozunguka. Kamba ya kuvutia funga kwenye ndoano ya chesisi, sio bampa, sio fimbo za stering, na mkianza kuvuta kila mtu akae mbali zaidi ya urefu wa kamba yenyewe maana ikikatika inarudi kama mjeledi. Kwa kuwa unakwenda gari moja, mwachie shemeji habari unapita wapi na unarudi saa ngapi, simu peke yake usiitegemee.

Mengine ni madogo. Mafuta jaza Wete, tangi lote. Ondoka saa moja asubuhi, ugeuze Kigomasha saa tisa, uwe ushatoka msituni kabla ya Magharibi, kiza cha Ngezi na taa za Escudo ya zamani havikubaliani. Ijumaa usipange kupita vijijini saa ya sala. Nguo za kuogea za pwani zibaki pwani, mkipita Makangale muwe mmejisitiri. Mwezi wa nane ni wakati mzuri, kusi, hakuna mvua nyingi, lakini Pemba inanyesha zaidi kuliko Unguja na manyunyu ya ghafla yapo. Ungenambia mwezi wa nne, kati ya masika, ningekwambia mpeleke mama watoto Chake mkanywe juisi.

Ukirudi Konde, kabla ya lami, simama ufanye mambo matatu: toa fowili kama ni gari ya kijiti, jaza upepo urudi 30, na zunguka gari utizame mashavu ya tairi, upande wa ndani pia, kama kuna mkato au uvimbe. Uvimbe ukiuona badilisha na spea hapohapo, hiyo tairi haifai kukimbia lami. Ukifika Wete ioshe kwa maji ya mfereji, chini hasa, kwenye difu, breki na ndani ya matao ya tairi, siku ileile usilaze chumvi. Na kama katikati ya njia ulisikia tumbo limegonga jiwe, asubuhi tizama chini ilipolala, ukiona tone la oili mwambie shemeji kabla hajawasha.